Majani ya rangi yapo Kisii na Nyamira, ila yataka jicho la subira

Liko neno moja la Kiswahili ambalo hunifanya nitabasamu kila ninapolikuta katika vitabu vilivyotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya. Neno lenyewe ni vuli. Mfasiri akifika mahali panapotajwa majira ambayo miti ya Ulaya hupukutisha majani yake, huandika "vuli" akaendelea na kazi yake. Walakini mwulize mkulima wa pwani maana ya vuli, naye atakujibu bila kusita kwamba vuli ni mvua, zile mvua fupi za mwisho wa mwaka. Miezi ni ile ile, Oktoba na Novemba, lakini mambo ni kinyume kabisa. Kule jani linaanguka. Huku jani linachipuka.

Nimeanza na neno hilo kwa kuwa limenifikirisha sana katika kazi yangu ya kupiga picha. Ukiingia katika vihoteli vya chai mjini Kisii, au katika sebule za nyumba nyingi kule Keroka na Nyamira, mara kwa mara utakuta kalenda imetundikwa ukutani. Si ajabu picha yake ikawa ni ya kilima kilichofunikwa na miti myekundu na ya manjano, ziwa tulivu chini yake, na kijumba cha mbao pembeni. Ni Marekani, au Kanada, au Uswisi. Mwenye kalenda hajapata kufika huko, lakini mwaka ukiisha huikata picha ile kwa makasi na kuibakiza ukutani, kwa sababu inapendeza.

"Sisi huku ni kijani kitupu mwaka mzima," aliniambia mama mmoja mwenye kihoteli, huku akinimiminia chai. "Wewe mwenye kamera utapata nini cha kupiga?"

Swali la mama huyo lilikuwa swali la haki, nami nataka kulijibu hapa. Rangi ipo. Ipo Kisii na ipo Nyamira, tena karibu na barabara. Lakini haiji kwa pamoja kama jeshi linalopita. Huja jani moja moja, juu ya mti huu leo na juu ya mti ule kesho. Mtu anayesubiri kilima kizima kigeuke chekundu atasubiri mpaka azeeke. Jambo lingine, zito zaidi, ni kwamba baadhi ya miti inayotupa rangi hiyo ni ile ile inayoondoka upesi katika mashamba yetu.

KWA NINI VILIMA HAVIGEUKI

Mji wa Kisii uko kusini mwa ikweta kwa kiasi cha kilomita 75 tu. Siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka hupitana kwa takriban dakika tano. London mambo ni mengine: mwezi Juni mchana hupita saa kumi na sita, na mwezi Disemba haufiki hata saa nane. Miti ya huko hulisoma badiliko hilo kama vile sisi tunavyosoma saa ya ukutani. Mchana ukifupika na baridi ikianza kuuma, mti hujua kwamba majira ya barafu yako mlangoni, na kwamba majani yatakuwa mzigo usio na faida.

Hapo ndipo rangi inapotokea. Jani ni la kijani kwa sababu ya chembechembe ziitwazo klorofili, ambazo hulitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Mti unapojiandaa kuliacha jani, huivunjavunja klorofili hiyo na kuirudisha mwilini akiba iliyokuwamo, hasa naitrojeni, kama mtu anayehama nyumba na kubeba vyombo vyake. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwa imefichika chini yake huonekana. Hiyo ni rangi ya karotini, iliyomo pia ndani ya karoti. Wekundu wenyewe ni jambo la pili: miti mingine huutengeneza upya siku hizo za mwisho, kwa rangi iitwayo anthosayanini. Mwishoni kikonyo hukatika mahali pale pale palipotayarishwa, na jani likaanguka.

Kazi hiyo hiyo hufanyika Kisii. Hakuna jani linaloishi milele, hata katika nchi inayopata mvua nyingi kama hii. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kengele moja inayoilia miti yote kwa wakati mmoja. Kila mti hufuata shughuli zake. Jani lililozeeka huondoka, na jingine huja. Kwa hiyo majani ya miti yetu hupukutika kila wiki, na ndiyo maana hatuoni kwamba yanapukutika.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kuliko sisi wa bara, kwa sababu ya mkungu. Mti huo unaotia kivuli katika nyua za Mombasa na Unguja hugeuza majani yake mapana yakawa mekundu kama matofali kabla ya kuyaangusha. Mtoto wa pwani ameyakanyaga majani mekundu tangu alipoanza kutembea. Hakumhitaji mwenye kalenda amwonyeshe.

OMOSOCHO, MTI WENYE MACHO YA MACHUNGWA

Na sisi wa milimani tuna wetu. Wakisii huuita omosocho. Wataalamu huuita Croton macrostachyus. Hukua pembezoni mwa mashamba, kando ya mito na mahali palipokatwa msitu zamani. Jani lake ni kubwa, lina umbo la moyo, laini kwa kuguswa, na upande wa chini limepauka. Likizeeka, halibadiliki kuwa kahawia likajikunja kama mengine. Hugeuka rangi ya chungwa lililoiva sawasawa, na kwa siku kadhaa huning'inia hivyo katikati ya wenzake wa kijani, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa mchana.

Ukipita barabara kuu kutoka Kisii kwenda Keroka kupitia Keumbu, au ukitoka mji wa Nyamira kuelekea Kebirigo, tazama miti yenye matawi yaliyotandaa kama mwavuli. Katika mti mmoja utahesabu majani matano ya machungwa, katika mwingine kumi na mawili. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari huongezeka. Si kilima kizima, nakubali. Lakini jani moja la machungwa lililozungukwa na majani mia ya kijani lina nguvu ambayo kilima kizima chekundu hakina. Jicho haliwezi kulikwepa.

Namna ya kulipiga picha ni moja tu iliyo bora: ingia chini ya mti na uinue macho. Ukilipiga jani huku jua likiwa nyuma yako, utapata jani la machungwa basi, kama kipande cha karatasi. Lakini ukiliweka jani kati yako na jua, mwanga hupenya ndani yake. Mishipa yote huonekana, ule mkubwa wa katikati na ile midogo inayotawanyika kama mito inayoingia Gucha. Matundu yaliyotobolewa na wadudu huwa nyota. Jani lile la kale huonekana changa kuliko siku lilipochipuka.

Wa pili ni omotembe, ambao Waluhya huuita murembe na wanasayansi Erythrina abyssinica. Huu ndio mti wetu unaokaribia zaidi desturi za Ulaya, maana kiangazi kikikaza huvua majani yake ukabaki mtupu. Kisha juu ya matawi yale makavu yenye miiba hutoa maua mekundu kama makaa ya moto. Wageni wengi huyadhania maua hayo kuwa majani. Mpiga picha asiwe na haraka ya kuwasahihisha. Awaache kwanza watazame.

WEKUNDU WA KUZALIWA

Katika nchi za baridi jani huwa jekundu linapokufa. Katika nchi yetu majani mengi huwa mekundu yanapozaliwa, na hii ndiyo sehemu ya habari hii ninayoipenda zaidi.

Tazama mparachichi. Hakuna boma la Kisii lisilokuwa na mparachichi karibu, wake au wa jirani. Unapochipua, majani yake machanga hutoka na rangi ya shaba, mepesi, yanayong'aa, yameinama chini kana kwamba yanaona haya. Baada ya siku chache hujipa nguvu yakawa kijani. Mwembe nao hufanya vivyo hivyo huko uliko. Rangi hiyo ni anthosayanini ile ile niliyoitaja hapo juu. Wanaochunguza mimea husema huenda ikawa ni kinga: jani changa halijakomaa kustahimili jua kali, nao wadudu hawalipendi likiwa na rangi hiyo.

Kisha ipo chai. Katika sehemu hizi ukiingia dukani na kusema, "Nipe majani," mwenye duka hatakuuliza majani ya mti gani. Atakupa pakiti ya chai. Chai imetandaa kuzunguka viwanda vya Sanganyi, Kebirigo na Nyansiongo kwa upande wa Nyamira, na Kiamokama na Nyamache kwa upande wa Kisii. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi kimoja, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mpiga picha naye huvitafuta, kwa kuwa vina rangi ya kijani hafifu inayoelekea manjano, tofauti kabisa na majani mazee yaliyo chini yake. Mchumaji na mpiga picha wanagombea jani moja. Mwenye haki ni mchumaji, kwani yeye analipwa kwa kilo. Ombeni ruhusa, ndugu zangu, na msisimame katika njia yake.

Hata chai yenyewe imepata rangi mpya. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho waliwatolea wakulima aina iliyopewa jina TRFK 306, ambayo majani yake machanga ni ya zambarau. Mahali ilipopandwa, mstari wake hukata shamba la kijani kama utepe. Asubuhi yenye umande utepe huo hupendeza sana katika picha.

PICHA ZA KWANZA ZILIKUWA ZA MAJANI

Wapo wanaodhani kwamba kupiga picha jani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mimi hukumbuka historia. Katika miaka ya 1830 Mwingereza William Henry Fox Talbot alipaka karatasi dawa ya chumvi na fedha, akalaza juu yake majani na maua, akaiweka juani. Mahali jua lilipopiga pakawa peusi, na mahali palipofunikwa na jani pakabaki peupe. Mwaka 1839 aliutangazia ulimwengu ugunduzi wake. Kwa hiyo jani lilikaa mbele ya mpiga picha kabla watu wengi hawajapata kukaa.

Mwaka 1843 mwanamke mmoja wa huko huko Uingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha mimea ya baharini ambacho picha zake zilitengenezwa kwa jua, nyeupe juu ya buluu. Huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za namna hiyo. Hakutumia kamera hata kidogo. Mwalimu wa shule ya msingi anayesoma haya na ajue kwamba somo hilo laweza kufanywa uwanjani pake, kwa karatasi iliyotiwa dawa, jani la omosocho na jua la saa nne asubuhi.

Na kamera zetu za leo, zikiwemo zile zilizomo ndani ya simu za mkononi, zimeumbwa kana kwamba aliyezitunga alikuwa na Nyamira mawazoni. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza ya mpango wa rangi ambao bado unatumika katika kamera nyingi. Katika kila vijidoto vinne vinavyopokea mwanga, viwili hupokea kijani, kimoja chekundu na kimoja buluu. Sababu yake ni kwamba jicho la binadamu huona kijani vizuri kuliko rangi nyingine. Basi anayesema kijani ni rangi moja tu hajatumia jicho alilopewa. Simama juu ya ukingo wa Manga saa moja asubuhi utazame bondeni. Kijani cha mgomba si cha chai, cha chai si cha mahindi, na cha mahindi si cha mkaratusi.

MASHAURI MACHACHE

Wengi huniuliza siri ya kazi. Siri hakuna, bali yako mambo ya kuzingatia.

Kwanza, amka mapema. Katika vilima hivi, mvua za radi hupenda kuja alasiri, zikisukumwa na hewa ya Ziwa Viktoria. Asubuhi ndiyo yako. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu mwanga huja ukiwa umelala, na umande haujakauka.

Pili, usiyachukie mawingu. Jua la adhuhuri hufanya jani la mgomba ling'ae kama bati, na rangi yote ikapotea. Siku ya mawingu mepesi mwanga hutawanyika, nao ukijani huonekana kwa kina chake. Mwenye kamera kubwa atumie kile kichujio cha kuzungusha kinachoondoa mng'ao wa maji juu ya majani. Asiyekuwa nacho asogee hatua mbili kushoto au kulia. Mara nyingi mng'ao hupungua wenyewe.

Tatu, simu za mkononi zina tabia ya kuongeza chumvi. Huitia picha nuru na rangi kupita kiasi, na chungwa la omosocho likageuka doa lisilo na mishipa. Gusa jani kwenye kioo cha simu, kisha punguza nuru kidogo kabla ya kupiga.

Nne, upepo. Jani halitulii. Ngoja upepo uvute pumzi, maana kila upepo una mahali pake pa kupumzika. Wengine hulichuma jani wakalipeleka mahali wanapotaka. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu jani lililochumwa halionyeshi lilikuwa wapi, na kwetu mahali ni nusu ya habari.

Tano, usiupuuze mgomba. Upepo na mvua ya mawe hulichana jani lake likawa kama kitana. Wakulima husikitika, na wana haki. Lakini ukisimama chini yake jua likiwa upande wa pili, utaona milia ya mwanga na kivuli ambayo hakuna fundi wa nguo aliyeiweza.

MTI WA MPAKANI

Jambo la sita halimo katika vitabu vya kamera. Nilijifunza kwa wenyeji wa sehemu za Keroka.

Mashamba ya Kisii na Nyamira ni madogo, na kila baba hugawia wanawe kile alichogawiwa. Ukanda uliokuwa wa mtu mmoja leo ni wa watano. Mipaka mingi huonyeshwa kwa miti, na miti iliyobaki ya asili kama omosocho na omotembe mara nyingi imesalia kwa sababu hiyo tu, kwamba inasimama mpakani na hakuna mmoja awezaye kuikata peke yake. Sasa fikiria mgeni anatokea na kamera, anauzunguka mti wa mpakani, anauinamia, anapiga picha juu na chini. Je, wewe ungemdhania nini?

Siku moja ya Februari nilikuwa chini ya omosocho mmoja mkubwa aliponijia mzee akiwa na fimbo yake. Nikamwamkia, "Bwakire buya, tata." Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kamera.

"Umetumwa na nani kupima mpaka?"

"Sikutumwa na mtu, tata. Napiga picha za majani."

"Majani? Chai iko ng'ambo ile."

Nikamwonyesha jani la machungwa katika kioo cha kamera. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akanieleza habari ya mti. Baba yake na baba wa jirani waliuacha makusudi walipokuwa wakifyeka, uwe shahidi wao. Wazee hao wawili walikwisha kufa. Wana wa jirani walitaka ukatwe kwa kuwa ulitia kivuli mahindi yao. Wanawe mwenyewe walitaka ukatwe wapate kuni na kupanda mikaratusi. Yeye na jirani yake peke yao ndio waliokuwa wakiutetea, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuchoka.

"Acha jani, mwanangu," akasema. "Piga mti mzima, na shamba huku, na shamba kule. Jani halisemi limetoka upande gani."

Kabla sijainua kamera alinizuia, akamtuma mjukuu amwite jirani, ili pasije pakawa na maneno kwamba picha ilipigwa upande mmoja. Jirani akaja, amevaa koti la kanisani juu ya nguo za shamba. Wakasimama, huyu kwake na huyu kwake, mti katikati. Hawakutabasamu. Nikapiga.

Miezi minne baadaye nilipowapelekea nakala mbili, mti haukuwapo. Walikuwa wamekubaliana, kuni zikagawanywa nusu kwa nusu, na mahali pake pakawekwa mawe. Kisiki kilikuwa tayari kinachipua, kwa maana omosocho haukati tamaa upesi. Mzee alichukua picha yake akaitafuta rangi ya machungwa kwa kidole mpaka akaiona, doa dogo upande wa juu. "Hilo ndilo lililokuleta," akasema. Kisha akaniomba nakala ya tatu, ya kumpa mwanawe aliye mkubwa, na akanilipia.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuutazama mti wowote kwa kamera, humtafuta mwenyewe. Na kila ninapopiga jani moja, hupiga pia mti wote na ardhi inayouzunguka, kisha huandika mahali na tarehe.

MGENI ALIYEZIDI WENYEJI

Simlaumu mkulima. Mkaratusi uliletwa Kenya kutoka Australia yapata mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe magari ya moshi ya reli ya Uganda, na tangu hapo umekuwa rafiki wa mwenye shida. Hukua upesi, hunyooka, huuzwa nguzo, hulipa karo. Omosocho hauna bei kama hiyo sokoni, ingawa majani yake yakianguka huoza upesi na kuurutubisha udongo, nao nyuki huyapenda maua yake. Lakini mkaratusi hunywa maji bila haya. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na mahali pa chemchemi, na ubishi wake haujaisha hadi leo.

Mimi nautazama mambo haya kwa upande wa rangi tu, upande mdogo, nakiri, mbele ya karo na maji. Lakini nauliza: mti ukiondoka, mtoto atajuaje kwamba palikuwa na jani la umbo la moyo lililokuwa likigeuka chungwa? Atabaki na kalenda ya Uswisi, naye ataamini kwamba uzuri wa majani ni kitu kinacholetwa na wageni pamoja na karatasi ya ukutani.

Kwa hiyo nawasihi wenye kamera, na siku hizi kila mwenye simu ana kamera: anzeni na boma lenu. Mparachichi utakapochipua tena, utazameni siku ya kwanza, ya tatu na ya sita, muone rangi inavyosafiri. Waulizeni wazee majina ya miti iliyo mpakani kwa Ekegusii, muyaandike nyuma ya picha. Mkipata nafasi ya kupanda, pandeni hata omosocho mmoja mahali usipomdhuru jirani, mkikubaliana naye kwanza.

Yule mama wa kihoteli nilimpelekea picha moja ya jani la omosocho, kubwa kiasi cha ukurasa wa gazeti. Aliitundika chini ya kalenda. Nasikia wateja humwuliza ni nchi gani ile, naye huwaambia watoke nje, wavuke barabara, wainue macho.